Mlevi: Tumkemee au Tumuuguze?



Katika toleo hili tunagusa jambo ambalo wengi hulizungumza kwa kunong'ona wakitoka ibadani. Ni habari ya pombe. Mahubiri juu ya ubaya wa pombe tumeyasikia tangu utoto wetu kule Kivu, Ituri na Burundi, na hatutayarudia hapa. Swali letu linamhusu mtu mwenyewe. Tunamfikiria yule ndugu ambaye ametubu mara tatu mbele ya kanisa, akalia machozi ya kweli, na baada ya wiki mbili ameonekana tena kwenye nyumba ya waragi. Je, huyu ni mwenye dhambi anayelidhihaki kanisa, au ni mgonjwa anayehitaji dawa?

Watu wamegawanyika. Wengine husema: "Hakuna aliyemshika mdomo akamnywesha. Akitaka kuacha ataacha. Atengwe mpaka ajirekebishe." Wengine husema: "Ni ugonjwa, tusimlaumu, hata wazungu wamekubali." Upande wa kwanza unamwachia mtu mzigo wote, upande wa pili unamwondolea wote. Sisi tunaona kwamba mlevi ni mgonjwa ambaye bado ana wajibu. Tena kuna hatari kubwa katika kumwamuru aache leo hii, peke yake, bila msaada. Tutaeleza kwa nini.

1. Pombe inafanya nini mwilini?

Tuanze na mwili, kwa sababu mtu hawezi kuhukumu vizuri jambo asilolijua.

Kileo kilichomo ndani ya kasiksi, urwagwa, lutuku, waragi na bia ya chupa ni kitu kimoja. Wataalamu hukiita ethanoli. Tofauti ni kiasi: pombe ya ndizi au ya mtama ina kidogo, ile iliyochemshwa na kupitishwa kwenye mrija ina kingi sana. Mtu akinywa, kileo hakingoji kusagwa tumboni kama ugali. Hupenya kuta za tumbo na utumbo, huingia katika damu, na baada ya dakika chache kimefika kwenye ubongo.

Kazi ya kukiondoa imepewa ini. Ini hukigeuza kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisichodhuru sana. Lakini ini lina mwendo wake. Kwa saa moja huondoa karibu gramu 7 hadi 10 za kileo, yaani kama nusu ya chupa kubwa ya bia. Kahawa, maziwa, maji baridi na kuoga haviongezi mwendo huo. Anayekunywa kuliko uwezo wa ini lake anabaki na kileo na sumu mwilini kwa saa nyingi. Ini likichokeshwa miaka mingi hujaa mafuta, kisha makovu, na mwisho hushindwa kazi: macho huwa ya njano, tumbo hujaa maji. Na tangu mwaka 1988 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka pombe katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa huleta saratani kwa wanadamu: ya mdomo, ya koo, ya ini, ya utumbo, na ya titi kwa wanawake.

Sasa tuje kwenye ubongo, maana hapo ndipo utumwa unapoanza. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayotufundisha mambo ya kurudia. Mwenye njaa akila, mama akimkumbatia mtoto, sehemu hiyo hupata kemikali iitwayo dopamini, nayo ni kama sauti inayosema: "Hili ni jema, likumbuke, lirudie." Kileo huiamsha sauti hiyo bila kazi na bila sababu. Mtu akirudia kila siku, ubongo hujifunza kuitafuta pombe kwa nguvu ileile ambayo mwenye njaa hutafuta chakula. Ndiyo maana unamwona baba anapita mbele ya mtoto wake mgonjwa na mfuko wa pesa ya dawa, miguu inampeleka kwingine. Tusidhani kwamba hampendi mtoto. Ubongo wake umepangwa upya, na pombe imepewa kiti cha mbele.

Tena si watu wote wanaanza sawa. Uchunguzi wa mapacha na wa watoto waliolelewa na wazazi wengine umeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kuwa mtumwa wa pombe hutokana na urithi wa damu, na nusu nyingine hutokana na maisha: mateso, marafiki, umri wa kuanza kunywa, upatikanaji wa pombe yenyewe. Hapa tunapenda kusema neno kwa familia zinazoambiwa zina "laana ya ukoo" kwa sababu babu alikunywa, baba alikunywa, na sasa kijana anakunywa. Urithi ni hatari ya kuangaliwa, kama vile familia yenye ugonjwa wa sukari inavyoangalia sukari. Mtoto wa mlevi hajahukumiwa kuwa mlevi. Ameonywa tu mapema kuliko wengine kwamba kikombe cha kwanza kwake kina hatari kubwa zaidi.

2. Kwa nini kuacha ghafla kunaweza kuua?

Fikirini kijana anayeshuka mlima na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi. Ubongo wetu nao una breki na una pedali: kemikali za kutuliza na kemikali za kuamsha. Kileo hukaza breki. Ndiyo maana mnywaji huongea kwa ulimi mzito, huyumba, na hulala. Akinywa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo hujitetea: hulegeza breki zake wenyewe na kukanyaga pedali kwa nguvu zaidi, ili mtu aweze kusimama. Hapo ndipo watu husema, "Yule haleweshwi na kitu." Huo si uhodari. Ni dalili kwamba mwili umeshajipanga kuishi na pombe.

Sasa mtu huyo akiacha siku moja, breki ya pombe imeondolewa, breki zake mwenyewe zimelegea, na pedali bado zinakanyagwa. Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, hutapika, hawezi kulala. Katika siku mbili za kwanza wengine huanguka na kutetemeka mwili mzima kama wenye kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa: huona wadudu ukutani, huona watu wasiokuwepo, hupiga kelele, mwili huchemka kwa homa. Asipotibiwa, mtu aliyefika hapo anaweza kufa.

Wapendwa, someni tena maneno hayo polepole. Kanisa likimwambia mtu aliyekunywa asubuhi na jioni kwa miaka mitano aache leo na kufunga siku tatu, na siku ya tatu akaanza kuona wadudu na kupiga kelele, watu watasema nini? Watasema ni mapepo yanatoka. Watamshika, watamfunga kamba, wataomba usiku kucha, na alfajiri wanaweza kuwa na maiti. Sisi hatupingi maombi. Tunasema: ombeni mkiwa njiani kuelekea kituo cha afya. Huko wanazo dawa za kutuliza ubongo, kama diazepamu, ambazo mhudumu huzitoa kwa kipimo na kuzipunguza siku baada ya siku. Dawa hizi zisinunuliwe dukani na kumezwa ovyo, na zisichanganywe na pombe, maana zote mbili hukaza breki ileile na zinaweza kukata pumzi. Wanayo pia vitamini B1, ambayo walevi wengi wameikosa kwa sababu ya kutokula vizuri, na kuikosa kunaweza kuharibu kumbukumbu daima.

Si kila anayekunywa yuko katika hatari hii. Ishara za kuangalia ni hizi: anakunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka, anahitaji kiasi kikubwa kuliko zamani, amewahi kuanguka au kuchanganyikiwa alipojaribu kuacha. Mtu wa namna hii asiache peke yake nyumbani. Aache, ndiyo, lakini aache akiwa mikononi mwa wahudumu.

3. Madhara hayabaki kwa mnywaji

Wengine hujitetea: "Nakunywa kwa mdomo wangu na pesa yangu." Tuwajibu kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024 ikionyesha kwamba mwaka 2019 vifo vya watu milioni 2.6 duniani vilisababishwa na pombe, milioni 2 kati yao wakiwa wanaume. Watu milioni 400 walikuwa wakiishi na matatizo ya unywaji, na kati yao milioni 209 walikuwa wameshakuwa watumwa wake. Ukilinganisha vifo na idadi ya watu, Ulaya na Afrika ndizo zilizoumizwa zaidi, ingawa Waafrika wengi hawanywi kabisa. Sababu yake si ngumu kuiona. Lita moja ya pombe katika nyumba ya mwenye chakula, hospitali na barabara nzuri, na lita hiyohiyo katika nyumba isiyo na chakula, hazina uzito mmoja. Maskini huumizwa zaidi na kikombe kilekile.

Pombe hudhoofisha kinga ya mwili, na anayekunywa sana hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine. Humfanya mgonjwa wa kifua kikuu au wa virusi vya UKIMWI asahau dawa zake, kisha ugonjwa unakuwa sugu na unaambukizwa kwa jirani. Katika nyumba zetu zilizobanana, kikohozi cha mmoja ni cha wote.

Wamama wajawazito wasikilize hili. Kileo hupita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto tumboni, na ini la mtoto bado changa. Mwaka 1973 madaktari wawili wa Marekani, Kenneth Jones na David Smith, walieleza jinsi watoto wa mama walevi walivyozaliwa wadogo, na sura iliyobadilika na akili iliyodhurika. Ubongo ulioumizwa tumboni hauponi. Wala si kweli kwamba pombe huongeza maziwa. Kinyume chake huyapunguza, na kileo huingia ndani ya maziwa hayo. Na mtoto anayenyweshwa pombe kidogo ili alale wakati hakuna chakula, usingizi wake ni wa sumu.

Kuna wanaouliza habari ya divai ya arusi ya Kana, na ya shauri la Paulo kwa Timotheo juu ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Maandiko hayasemi divai ni haramu, na sisi hatutaongeza neno. Lakini Paulo alimwandikia mtu mmoja, kwa sababu ya ugonjwa, na akasema kidogo. Hayo ni maneno ya dawa, na dawa hubadilika elimu inapoongezeka. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mwenye kutafuta dawa ya tumbo leo ataipata kwenye kituo cha afya.

4. Kama ni ugonjwa, dhambi iko wapi?

Sasa tumefika kwenye swali gumu. Mtu atasema: "Mkimwita mgonjwa mmempa ruhusa. Atakunywa na kusema, 'Si mimi, ni ubongo wangu.'"

Swali hili si geni. Mwaka 1784 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, mtu wa dini, aliandika kwamba ulevi ni ugonjwa. Mwaka 1804 Thomas Trotter, daktari wa Uskoti aliyehudumia mabaharia wa jeshi, alichapa kitabu kizima akitetea jambo hilo. Walipingwa na wengi waliohofia kwamba kuuita ulevi ugonjwa ni kuubariki. Chama cha madaktari wa Marekani kiliukubali rasmi kuwa ugonjwa mwaka 1956 tu. Hofu ya wale wapinzani haikuwa ya kipumbavu, na inastahili jibu.

Tufikiri kwa mfano wa kifua kikuu. Hakuna anayemtenga mgonjwa wa kifua kikuu kwa kuwa anakohoa. Kukohoa si kosa lake. Lakini akipewa dawa za miezi sita akazitupa chooni, akaendelea kulala na watoto wadogo katika chumba kimoja, tutamwambia, "Baba, hapo umekosa." Ugonjwa ulimwondolea lawama ya kukohoa, haukumwondolea wajibu wa kutibiwa na kuwalinda wengine. Ndivyo ilivyo kwa mlevi.

Tutenganishe nyakati tatu. Wakati wa kwanza ni kikombe cha mwanzo. Hapo mtu ana uhuru mkubwa, ingawa hata hapo si wote sawa: kijana wa miaka 14 anayepewa na wakubwa zake hana uhuru wa mtu mzima. Wakati wa pili ni kikombe cha elfu moja. Hapo uhuru umepungua sana. Anataka kuacha na hawezi. Anaahidi kwa moyo wote na anavunja ahadi. Tusimwite mnafiki. Machozi yake mbele ya kanisa yalikuwa ya kweli, na kurudi kwake pia ni kweli. Mtume Paulo katika Warumi sura ya 7 alieleza mtu anayependa jema na kujikuta akitenda baya. Anayemcheka mlevi na asome sura hiyo taratibu. Wakati wa tatu ni siku ambayo mtu mwingine anamnyoshea mkono na kusema, "Njoo, nitakwenda nawe." Hapo uhuru kidogo uliobaki unarudi kuwa na kazi. Hawezi kuacha peke yake, lakini anaweza kukubali kusindikizwa. Tunaamini wajibu wake mkubwa uko hapo, na hapo ndipo anapopaswa kuulizwa.

Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, watu wawili waliokuwa walevi, Bill Wilson mfanyabiashara na Bob Smith daktari wa upasuaji, walianza kukutana ili kusaidiana wasinywe. Kutokana na mikutano hiyo kilizaliwa chama cha walevi wanaosaidiana ambacho sasa kiko katika nchi nyingi. Hatua yao ya kwanza ni kukiri kwamba nguvu zao dhidi ya pombe zimekwisha. Wala hawakuishia hapo. Hatua nyingine zinamtaka mtu awaendee wale aliowadhuru na kutengeneza nao pale anapoweza. Hao hawakuona ugomvi kati ya kuwa mgonjwa na kuwa na deni. Walibeba yote mawili.

5. Mke na watoto je?

Hapa tuseme wazi kabisa, kwa sababu fundisho la huruma limewahi kutumiwa kuwafunga wengine midomo. Kumwita baba mgonjwa si kumwambia mama avumilie fimbo. Wengi hunywa bila kumpiga mtu, na wengine hupiga bila kunywa. Pombe hulegeza kizuizi; haimfundishi mtu kumdharau mke wake. Anayempiga mke akiwa amelewa, na asimpige mwenyekiti wa kijiji akiwa amelewa vilevile, anaonyesha kwamba bado anajua anampiga nani.

Kwa hiyo mama anayekimbilia kwa jirani na watoto usiku hajamwacha mume wake. Ameokoa uhai, pamoja na uhai wa mume wake asije akaua. Wazee wa kanisa wasimrudishe nyumba ile usiku uleule kwa jina la amani. Msamaha ni wa Mungu na ni wa mama mwenyewe kwa wakati wake. Ulinzi ni wetu sote, na ni wa leo. Na watoto wa nyumba hiyo waambiwe na mtu mzima wanayemwamini neno hili moja: "Si kwa sababu yenu." Wengi wao wanadhani baba anakunywa kwa kuwa wao ni wabaya.

6. Mama anayepika pombe

Hatuwezi kuongea juu ya anayekunywa na kumruka anayeuza. Katika makazi yetu wapikaji wengi ni wamama, na wengi wao ni wajane. Kiwanja chake ni kidogo, mgao umepunguzwa, mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada. Mahindi ya mgao akiyauza hivyo hivyo, bei ni ya hasara. Akiyageuza pombe, anapata ada. Anakaa na sisi kwenye benchi ya ibada, na sadaka yake tunaipokea.

Je, ana hatia? Anajua wanaonunua kwake ni nani. Anawajua wake zao kwa majina. Lakini sisi tunaomkemea tumempa njia gani nyingine? Ni rahisi kuhukumu chungu cha pombe kuliko kujaza chungu cha chakula. Tunaona kwamba kanisa lina haki ya kumwambia "acha" pale tu linapokuwa tayari kuketi naye na kuuliza, "Tukusaidie kuanza nini?" Kikundi cha akiba, kushona, kuoka mandazi, mboga za kiangazi, sabuni: faida yake ni ndogo kuliko ya pombe, hatumdanganyi. Ndiyo maana hawezi kuvuka peke yake.

Jambo moja halina mjadala: kuchanganya pombe na kemikali ili iwe kali ni kuua. Novemba 2000 jijini Nairobi, katika mitaa ya Mukuru, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe ya bei rahisi iliyoitwa kumi-kumi, iliyotiwa methanoli. Mwaka 2010 watu wengi walikufa kwa njia hiyo huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Methanoli inafanana na kileo kwa macho na kwa harufu, lakini ini huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 au hata siku nzima. Mtu aliyekunywa jana akisema leo anaona ukungu, tumbo linamuuma na pumzi inamwenda mbio, msimwache alale. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Serikali nazo zimechukua hatua. Tanzania ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya pakiti za plastiki, kuanzia Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Pakiti zile zilikuwa za bei ya mtoto wa shule na za kufichwa mfukoni. Sheria kama hizi husaidia, kwa sababu pombe ikiwa mbali na ghali, vijana wachache huanza.

7. Kwa nini sisi wakimbizi hasa?

Hatunywi kwa sababu sisi ni watu wabaya kuliko wengine. Wako kati yetu wanaokunywa ili walale. Wakifumba macho wanaona kijiji kikiwaka, wanasikia sauti za waliobaki njiani. Wako waliokuwa walimu, wavuvi, wenye ng'ombe, na sasa wanaamka asubuhi hawana pa kwenda. Pombe huwapa saa tatu za kutokumbuka. Lakini inawaibia zaidi ya ilichowapa: usingizi wa pombe hukatika katikati ya usiku, ndoto hurudi na nguvu, na huzuni huongezeka kesho yake. Mtu anakunywa kwa sababu ya huzuni, kisha ana huzuni kwa sababu ya kunywa. Kwa hiyo anayetaka kumwondolea ndugu yake chupa lazima amwulize pia habari ya usiku wake.

Msaada wa kitabibu upo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida wa afya kutibu magonjwa ya akili na utumwa wa pombe, na mwaka 2015 likishirikiana na UNHCR likatoa mwongozo mfupi kwa ajili ya mahali penye dharura, kama makambi. Haihitaji daktari bingwa wa mji mkuu. Ulizeni kwenye kituo cha afya ni mhudumu gani amefundishwa, na semeni ukweli juu ya kiasi anachokunywa mgonjwa.

8. Basi tufanye nini?

Kwanza, tusimtenge mtu na kumwacha. Kanisa likiona vema kumpumzisha mlevi na meza ya Bwana au utumishi, na lifanye hivyo kwa taratibu zake, lakini siku hiyo hiyo litaje watu wawili watakaomtembelea kila wiki. Nidhamu isiyo na mtembezi ni kumfukuza tu.

Pili, tusimwamuru aache leo bila kujua mwili wake uko wapi. Tumsindikize kituo cha afya.

Tatu, tutegemee kwamba ataanguka tena, labda mara nyingi. Ugonjwa huu hurudi, na kurudi kwake si mwisho wa safari. Msamaria wa Luka 10 hakuuliza kwa nini yule mtu alipita njia ya hatari peke yake. Alimfunga majeraha, akamlipia nyumba ya wageni, na akaahidi kwamba atapita tena kulipa kitakachozidi. Alijua kwamba kupona kuna gharama ya pili.

Nne, tuwape vijana na wababa mahali pa kukaa jioni pasipo pombe. Mtu haachi tu kikombe, anaacha na marafiki wake wote. Asipopata wengine atawarudia wale wale.

Tano, wewe ndugu unayesoma ukurasa huu kwa siri, au unayesomewa na mtoto wako: hatukuulizi kwa nini ulianza. Tunakuuliza kama utakubali mtu mmoja aende nawe kituo cha afya wiki hii. Mwambie mzee wa kanisa, au mama wa kikundi, au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Neno lako litafichwa.

Bwana awape nguvu wanaopigana vita hii, na awape subira wanaoishi nao. Amina.